Mti Usio wa Chai

Chupa yenyewe ni ya kahawia, fupi kuliko kidole changu cha mwisho.
Mdogo wangu Sijaona aliitoa Masasi, dukani anakouza dawa,
akaiviringa kwenye gazeti, gazeti akalifunga kwa kipande cha kanga,
akampa dereva wa fuso la magunia:
mpelekee dada Newala, yule mwenye vidole vyeusi.

Vyeusi, ndiyo. Mwaka wa kumi na tisa huu nabangua.
Korosho haitoki bure. Ganda linatema mafuta,
mafuta yanashika ngozi, ngozi inabanduka
kama gamba la kitunguu.
Tunapaka majivu. Majivu yakiisha, tunaendelea.

Nikafungua kizibo.
Lo! Harufu ikapanda puani, ngazi mbili mbili:
kafuri kidogo, mkaratusi kidogo,
na kitu kingine ambacho huku kwetu hakina jina.

Sijaona akapiga simu jioni.
"Sikia dada. Unaitwa mti wa chai, ila chai haumo.
Ni mti wa Australia, wa kwenye vinamasi,
majani yake membamba. Wanayachemsha, wanakinga mvuke."
Kama nipa ya mabibo, nikasema.
"Kama nipa. Lakini usinywe! Hata tone, hata kwa mafua.
Na usipake yenyewe tupu, ni makali.
Matone mawili kwa kijiko kizima cha mafuta ya ufuta.
Jaribu kwanza mkononi, lala, uamke, utazame.
Weka kabatini. Jua likiyapata yanageuka, yanawasha.
Mtoto asiyafikie. Wala paka."

Kabati sina. Nikaichomeka kwenye mtungi uliopasuka.
Ufuta ninao, shangazi huleta wa Nachingwea.

Binti yangu Mwanahawa akapaka chunusi, tone kwa tone,
akijitazama kwenye kioo cha pikipiki ya watu.
Jirani, Bi Somoe Nantende, yeye hapimi kitu;
chumvi kwa kiganja, sukari kwa kiganja,
akajipaka shavu zima, bila ufuta.
Asubuhi shavu limeumuka kama andazi,
na mtaa mzima unaambiwa nimemroga.

Ukucha wa mume wangu, ule wa gumba la mguu,
mnene, wa njano, kama punje ya hindi la mbegu,
aliupaka asubuhi na jioni
tangu mikorosho ilipotoa maua hadi mnada wa kwanza.
Umepungua. Sisemi umepona.
Umepungua.

Na vidole vyangu?
Palipo na kidonda kibichi nilipaka mara moja tu,
nikaruka hadi mlangoni.
Nesi wa zahanati akanigombeza:
hapo ni maji safi na sabuni, mama, na glovu.
Glovu. Nikamuuliza anauza bei gani.

Wiki iliyopita nikaenda kusajili laini ya simu.
Kijana akasema, weka kidole. Nikaweka.
Mashine ikakataa.
Kingine. Ikakataa.
Vyote kumi, na vingine tukavirudia,
watu nyuma yangu wanaguna.
Ganda limekula mistari niliyozaliwa nayo,
na haya mafuta ya Sijaona
kuvu yanaijua, uvundo wa viatu yanaujua,
lakini kuandika mtu upya hayajafundishwa.

Kijana akakishika kidole changu, akakifuta kwa pindo la shati,
akanusa.
"Mama, unafanya kazi hospitali?"

Hapana baba. Nabangua.

Akatazama pembeni mwa mashine yake:
kikaratasi kilichokunjwa pembe,
korosho za chumvi, zimebaki tatu.
Akanisogezea.